UZI: Taka zinaishia wapi? Niliyoyasema Lokiriama kuhusu mipango ya kaunti

Nilikuwa nyumbani likizo, na vijana wa kwetu Lokiriama wakaniomba niongee juu ya jambo ambalo limeanza kuingia kwenye mikutano ya siasa: takataka. Nasomea sayansi ya siasa chuo kikuu, mwaka wa tatu. Tulikaa chini ya mti, wazee mbele kwenye vigoda vyao, akina mama upande mmoja, vijana wamesimama nyuma na simu zao. Niliongea nusu Kiturkana, nusu Kiswahili. Baadaye watu wa Lodwar na Kakuma wakaniandikia wakitaka maneno yale. Haya hapa, nimepunguza salamu tu. Sheria ya ukurasa huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja hoja.

1.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, ejok.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza: huyu mtoto tulimsomesha kwa mbuzi, amerudi kutuambia habari ya takataka? Maji ni shida, barabara ni ile mnayoijua, halafu tunakaa hapa kuongea juu ya mifuko. Sawa. Basi nianze na mbuzi.

Nikiwa kidato cha tatu, nyanya yangu alikuwa na mbuzi jike mweupe aliyemweka kando kwa karo yangu ya muhula. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yalikuwepo, lakini yule mbuzi alikuwa anakonda huku tumbo limejaa. Hali, hacheui, anasimama tu. Akafa. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na donge la plastiki kubwa kama kichwa cha mtoto. Vipande vya mifuko, nyuzi za magunia, karatasi za biskuti, vyote vimesokotana kama kamba. Mimi nilirudi shule wiki tatu baada ya wenzangu.

Tulimlaumu nani? Hakuna. Mfuko ule ungeweza kutoka kwa duka lolote, kwa boma lolote, hata kwetu sisi wenyewe. Ndiyo shida ya taka kama jambo la siasa: hasara ina mwenyewe, taka haina. Na kitu kisicho na mwenyewe, kila mtu anaweza kukiahidi jukwaani na asiulizwe.

Leo nawapa maswali ya kuuliza.

2.

Hoja ya kwanza mtakayoisikia ni ya kurushiana. Mmoja atasema, "Taka ni kazi ya serikali kuu." Mwingine atasema, "Hiyo imegatuliwa, ulizeni kaunti."

Tusome Katiba ya 2010. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaorodhesha kazi za kaunti. Chini ya huduma za afya za kaunti kumetajwa kuondoa taka, majaa ya taka na utupaji wa taka ngumu. Hapo hakuna ubishi. Kabla ya 2013 kazi hiyo ilikuwa ya yale mabaraza ya zamani ya miji na ya wilaya. Mabaraza yakaisha, kazi ikaenda kwa kaunti. Serikali kuu ilibaki na sera, na NEMA ikabaki na leseni na kusimamia viwango.

Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Hiyo inasema mambo matatu makubwa. Taka zitenganishwe pale zinapotoka, zinazooza mbali na zisizooza. Kaunti zitunge sheria zao na ziwe na vituo vya kuchambua taka. Na anayetengeneza bidhaa au kuiingiza nchini abebe wajibu hata baada ya bidhaa kugeuka taka.

Kwa hivyo mtu akikuambia "niongezeeni muhula mmoja nikaongee na waziri kuhusu taka," muulize kwa heshima: mheshimiwa, katika bajeti ya kaunti, taka ziko fungu gani na ni shilingi ngapi? Turkana si kaunti isiyo na pesa kabisa. Mwaka wa fedha 2021/22 mgao wake kutoka serikali kuu ulipita shilingi bilioni 12, ukiwa miongoni mwa mitatu mikubwa zaidi nchini. Mtu anaweza kusema pesa hizo zina kazi nyingine za haraka, na anaweza kuwa na haki. Lakini aseme hivyo. Asiseme si kazi yake.

3.

Hoja ya pili: "Tumeshapiga marufuku mifuko, shida imeisha."

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Dunia nzima iliandika kuhusu Kenya. Na tuseme ukweli, ilisaidia. Wazee mnakumbuka Lodwar ya zamani, upepo ukivuma kila mti wa miiba umezaa mifuko.

Lakini mbuzi wa nyanya alikufa marufuku ikiwa tayari na miaka minne. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba marufuku ni ya mifuko ya kubebea. Pakiti ya sabuni, karatasi ya biskuti, gunia la unga, hivyo bado ni halali. Sababu ya pili iko nyuma yenu pale. Mkipanda huu mlima mko Uganda. Uganda nao walipitisha katazo la mifuko myepesi mwaka 2009, ila utekelezaji ukawa mgumu. Mfuko hauulizwi kitambulisho mpakani.

Basi wanasiasa wanagawanyika. Mmoja anataka adhabu iongezwe, mwingine anasema marufuku inaua biashara ndogo. Mimi nawauliza wote wawili: mama anayeuza nyanya kwa meza moja atatoa wapi milioni mbili? Faini ambayo mtu hawezi kuilipa hata akiuza kila kitu haifiki kwa serikali. Inaishia kwa yule aliyemkamata, shilingi mia mbili, mia tano, na kesho mfuko unauzwa tena. Faini ndogo inayotozwa kweli, pamoja na kikapu mbadala cha bei ya chini, ingefanya kazi zaidi. Na vikapu si tunavyo? Mama zetu wanasuka vya mkoma tangu zamani.

4.

Hoja ya tatu: "Tutaweka mapipa ya rangi, watu watenganishe taka nyumbani."

Hii ni nzuri kwenye karatasi na ndiyo sheria inataka. Lakini angalieni ilitungwa kwa kufikiria nani. Nairobi, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni mabaki ya chakula na maganda. Ndiyo maana mipango mingi huanza na mboji.

Sasa nendeni kwenye awi yoyote hapa Lokiriama mtafute maganda. Mtayaona wapi? Maganda ameshakula mbuzi. Mfupa ameuchukua mbwa. Majivu yana kazi yake. Taka ya kwetu ni kidogo, lakini ile kidogo ni mbaya yote: plastiki laini, betri za tochi, taa za sola zilizokufa, nepi, chupa za dawa za mifugo. Na mboji inataka maji. Nani hapa atamwagia maji takataka?

Lodwar ni hadithi nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 80,000 pale mjini. Kuna soko, kuna hoteli, kuna nyumba za kupanga ambazo mtu hana hata mbuzi mmoja. Pale pipa la taka zinazooza lina maana.

Kwa hivyo mpango mmoja wa kaunti nzima, wenye mapipa yale yale kwa Lodwar, Kakuma na Lokiriama, jueni umenakiliwa mahali. Muulizeni aliyeuleta: mlipima taka za wapi? Huwezi kupanga kitu ambacho hujakipima. Siku mbili, mzani mmoja na vijana wanne zinatosha kujua boma ishirini zinatupa nini.

Na swali la pili: nikishatenganisha, lori linalokuja lina sehemu mbili? Niliwahi kuishi katika mji mmoja, sitautaja, tulikuwa tunatenganisha kwa bidii. Siku moja nikalifuata lile lori. Mwanakandarasi alikuwa anamwaga vyote pamoja kwenye shimo moja. Tangu siku hiyo, jirani zangu wakaacha, na mimi sikuwalaumu.

5.

Hoja ya nne ndiyo inayopendwa zaidi majukwaani: "Tutajenga kiwanda cha kuchakata plastiki, vijana wapate kazi."

Hapa nitakaa kidogo, maana vijana mmeisikia hii mara nyingi.

Taka inayochakatwa ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Inanunuliwa kwa kilo, na mnunuzi anaangalia imefika kwake kwa gharama gani. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama kilomita 300, na viwanda vingi vya plastiki viko mbali kupita hapo. Chukua lori ulijaze chupa tupu za maji. Umebeba nini? Umebeba hewa. Lori limejaa mpaka juu lakini kilo ni chache, na mafuta bado yanachomwa.

Ndiyo maana chuma hakionekani kwenye majaa yetu. Chuma ni kizito na kina bei, kinalipa nauli yake mwenyewe, kwa hivyo mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja hadi kwetu bila kuitwa na serikali. Hata hivyo biashara hiyo nayo inaweza kufungwa kwa tangazo moja. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na minara ya umeme, ikaruhusiwa tena Mei. Miezi ile, vijana waliokuwa wanaokota walikula nini? Sikusikia mtu akiuliza jukwaani.

Plastiki laini, ile iliyomuua mbuzi wa nyanya, hailipi nauli yake. Hiyo ndiyo hesabu inayofichwa. Kabla ya kiwanda kuna vitu vidogo visivyopigiwa makofi. Mashine ya kubana chupa ziwe robota. Banda la kuhifadhi mpaka mzigo utoshe. Na makubaliano na malori. Tangu sehemu kubwa ya barabara ya Kitale, Lodwar hadi Lokichogio ijengwe upya, malori yanakuja yamejaa unga, saruji na soda. Yanaporudi, mengi hayana mzigo wa kutosha. Nauli ya kurudi ni ya chini. Aliyeleta soda kwa nini asirudi na chupa? Na hapa sheria ya 2022 iko upande wetu, kwa sababu inamtaka mwenye bidhaa awajibike. Kanuni za wajibu huo zilichapishwa 2024. Kwa hivyo kaunti iliyo mbali na viwanda ina sababu nzuri ya kusema: hizi chupa zilifika huku kwa gharama yenu na faida yenu, basi changieni safari ya kurudi.

Mwanasiasa akiahidi kiwanda, msimpinge. Mwambieni: tuonyeshe kwanza banda, mashine ya kubana na barua ya mnunuzi.

6.

Hoja ya tano ni jaa. Kila mtu anataka taka ziondolewe, na hakuna anayetaka ziletwe kwake.

Jifunzeni kwa waliotutangulia. Jaa la Dandora, Nairobi, lilianza miaka ya 1970 na likatangazwa limejaa mwaka 2001. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, malori yakaendelea kuingia, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipotayarishwa. Mombasa walifunga jaa la Kibarani kando ya bahari mwaka 2018, wakapanda miti, na pakawa pazuri kweli. Lakini taka za mji hazikupotea, zilienda Mwakirunge, kwa watu wengine. Funzo langu kutoka kote kuwili ni moja: anayeahidi kufunga jaa hajasema kitu mpaka aseme linalofuata liko wapi.

Sisi huku tuna hatari yetu. Ardhi kavu inadanganya. Mtu anaona laga haina maji miezi tisa, anasema hapa ni wazi, tupa hapa. Halafu mvua inanyesha mlimani usiku, asubuhi Kawalase imejaa, imebeba kila kitu hadi Turkwel. Na Lodwar inakunywa maji ya visima vilivyochimbwa kandokando ya Turkwel, maji yanayopita kwenye mchanga ule ule. Hapa Lokiriama tunachimba mchanga wa laga kwa mikono tukitafuta maji. Betri iliyotupwa lagani haikutupwa mbali. Imewekwa kwenye kikombe.

Swali la jaa basi lina sehemu tatu. Liko umbali gani na laga na visima? Lina uzio ambao mbuzi hapiti? Na wanaoishi karibu waliulizwa kabla au baada? Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na hakisemi ni mtu wa mjini pekee.

7.

Hoja ya sita, pesa. Hapa sauti hupanda.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa mazingira juu ya bidhaa kama nepi, simu, betri na matairi. Wazo lake si la ajabu, nchi nyingi zinatoza anayeleta kitu kitakachokuwa taka. Lakini watu waliona bei ya nepi itapanda, na hakuna aliyewaonyesha pesa hizo zitasafisha mtaa gani. Vijana waliingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na Juni 2024 mswada wote ukaondolewa. Mimi sisemi ushuru ule ulikuwa mzuri au mbaya. Nasema ushuru wa taka usio na lori linaloonekana hauaminiki.

Hata mjini ni hivyo. Ukitoza kila nyumba ada ya mwezi, wenye mishahara watalipa, na wa vibanda hawataweza. Ukitoza maduka tu, maduka yatapandisha bei. Usipotoza mtu, lori litasimama mwezi wa pili kwa kukosa mafuta. Hakuna njia isiyo na maumivu. Anayekuambia taka zitaondolewa bure anakuficha mfuko utakaotoboka, na mara nyingi ni wa dawa au wa maji.

Mimi msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: biashara ilipe kwa kiasi cha taka zake, nyumba zilipe kidogo sana au zisilipe mwanzoni, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, tumekusanya kiasi hiki, mafuta yamekula kiasi hiki.

8.

Kuna hoja moja Lokiriama hamuisikii sana, lakini Kakuma ni moto: "Zile ni taka za wakimbizi, waulizwe mashirika."

Kambi ya Kakuma ilianza 1992. Makazi ya Kalobeyei yalifuata 2016. Kwa pamoja wanaishi zaidi ya watu 200,000. Miaka yote hiyo taka za kambini zilikuwa za mashirika na za mjini zilikuwa za baraza, kisha za kaunti. Upepo haukuwahi kuambiwa mpaka huo. Sasa serikali ina Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya pamoja yenye huduma za pamoja. Na wakati huo huo pesa za misaada zinapungua.

Maana yake kwa taka ni rahisi: kazi iliyokuwa inalipwa na mfadhili inakuja kwa kaunti. Je, inakuja na bajeti? Mwenyeji wa Kakuma ana haki ya kuuliza hivyo bila kuambiwa ana chuki. Na mkimbizi ana haki ya kuhesabiwa kwenye mpango, kwa sababu anatupa taka, ananunua sokoni, na akifanya biashara anaweza kulipa ada kama mwingine.

Tena, ukitaka kuona watu wanaojua kutumia kitu mara ya pili, nenda Kakuma. Makopo ya mafuta ya msaada yamenyooshwa yakawa milango na mabati. Magunia yamekuwa kuta. Hakuna aliyewafundisha kwenye semina. Mpango mzuri ungeanza kwa kuwauliza hao, si kuwaletea mabango.

9.

Vijana, hii ni yenu. Siku ya usafi.

Mnaijua. Mheshimiwa anakuja na glavu mpya, fulana zimeandikwa, picha zinapigwa, tunaokota asubuhi moja. Saa sita kuna rundo kubwa na soda. Swali langu: lile rundo lilienda wapi? Mimi nimeshiriki tatu. Mara mbili rundo lilichomwa pale pale, moshi ukaingia kwenye madarasa. Mara moja liliachwa, upepo ukarudisha kila kitu ndani ya wiki.

Sisemi tusiende. Soda ni soda. Lakini siku moja ya usafi haichukui nafasi ya mkataba wa mwaka mzima kwa kikundi cha vijana kilichosajiliwa, chenye mikokoteni ya punda, viatu vya kufunika mguu na malipo yanayofika kwa wakati. Mkiambiwa "kazi kwa vijana", ulizeni ni siku ngapi, kwa shilingi ngapi, na zabuni ilitangazwa wapi.

10.

Baada ya hapo watu waliuliza. Naweka mawili.

Mama mmoja alisema: "Mwanangu, umesema tusichome, tusitupe lagani, lori haliji. Basi mimi leo jioni nifanye nini?"

Nilinyamaza kwanza, kwa sababu ni swali la haki kuliko yote niliyokuwa nimesema. Nikamjibu: Mama, leo jioni plastiki laini iweke kwenye gunia, ulitundike juu ya mti mbuzi asifike. Betri na taa zilizokufa ziweke kando kwenye mtungi uliopasuka, usizichome kabisa. Gunia likijaa, tuwe na shimo moja la kijiji, mbali na laga, lenye uzio wa miiba. Hilo halitoshi, na halikuondolei kaunti deni lake. Ila mbuzi wako atakuwa hai tukiendelea kudai. Akasema, "Hilo la gunia naliweza."

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. Akasema: "Mnajua hapa ni wapi. Desemba 1973 sisi na Matheniko tulizika silaha katika ardhi hii. Kitu kilichozikwa Lokiriama hakikufukuliwa. Unajua kwa nini? Kila upande ulikuwa unalinda shimo. Hayo mashimo yenu ya takataka analinda nani?"

Wazee walicheka, lakini mimi nimelala na swali hilo. Nimesoma vitabu vya sera miaka mitatu, na sijaona mtu ameliuliza hivyo. Sheria tunayo, mkataba utaandikwa. Mlinzi ni nani?

11.

Mlinzi ni tarehe. Andikeni hizi, hazibadiliki na uchaguzi.

Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti inapaswa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti. Hapo ndipo shimo lenye uzio linaingia au linakosa kuingia. Kufikia mwisho wa Februari kuna waraka wa mwelekeo wa fedha. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yako mezani. Kufikia tarehe 30 Juni yamepitishwa. Katikati ya hizo kuna vikao vya kushirikisha umma, na vinapofanywa Lodwar pekee, dai kimoja kiletwe wadini. Ukinyimwa hesabu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, piga picha nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Vijana wanne walijitolea pale pale kupima taka za boma ishirini. Wakimaliza nitaweka matokeo hapa, hata yakinionyesha nilikosea kuhusu maganda.

Na wewe unayesoma ukiwa Lodwar, Kakuma, Kitale au popote: lori la kwenu likipita wiki hii, lifuate uone linamwaga wapi. Kisha rudi uandike hapa chini. Hoja, si majina.